Nuru Ikae Penye Mfupa

Hotuba kwa wahitimu wa mafunzo ya saluni na upambaji, Tanga

Ndugu mgeni rasmi, walimu, wazazi wetu mliofika, na nyinyi wahitimu ambao leo ndiyo siku yenu: assalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wote habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie hailaita, yaani ule unga au krimu ya kumeta inayopakwa kwenye sehemu za uso zilizoinuka ili zishike mwanga, na nimepewa nusu saa. Nitaitumia yote kwa kitu hiki kimoja. Katika mkoba mzima wa mpambaji sijaona kinachotumika vibaya kuliko hiki. Fandesheni, ile rangi ya msingi inayopakwa uso mzima, ikikosewa, mteja anaiona mwenyewe kwenye kioo, anakuambia, unafuta, unaanza upya. Hailaita ikikosewa, kioo cha saluni hakisemi kitu. Kosa linajitokeza usiku, ukumbini, taa za mpiga video zikishawashwa na bibi harusi ameshakaa jukwaani mbele ya wakwe. Hapo huna tena nafasi ya kumfuata na brashi.

Neno langu kwenu ni hili: hailaita inaonyesha mfupa. Haimfanyi mtu awe mweupe, na mpambaji asiishike kwa nia hiyo. Nimekaa kwenye kazi hii muda wa kutosha kuona kwamba makosa karibu yote ya hailaita yanaanzia hapo. Mtu anashika kopo la kuangaza huku moyoni anataka kumtakatisha mteja.

Tuanze na kilichomo ndani ya kopo, maana huwezi kuitawala dawa usiyoijua. Kinachometa pale ni ulanga, yale madini yanayobanduka tabaka kwa tabaka, membamba mpaka unaona upande wa pili. Kwetu si kitu kigeni. Enzi za Wajerumani ulanga ulichimbwa kwenye milima ya Uluguru kule Morogoro na kupelekwa Ulaya. Kwa vipodozi, ulanga husagwa kuwa unga, lakini hata ukisagwa vipi kila chembe inabaki kuwa kibamba bapa. Kiwandani kile kibamba hufunikwa kwa utando mwembamba mno wa titaniamu dioksaidi au wa oksidi ya chuma. Mwanga ukikigonga, sehemu yake inarudi kutoka juu ya utando na sehemu kutoka chini yake. Miale hiyo miwili ikikutana ndipo jicho linaona lulu, waridi au dhahabu, kutegemea unene wa utando wenyewe. Pale penye oksidi ya chuma unapata dhahabu nzito na shaba.

Ukubwa wa chembe nao una maana yake. Chembe ndogo, zile za chini ya maikromita 15 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), zinatoa mng'ao mtulivu, ngozi inaonekana imelowa kidogo tu. Chembe kubwa zinameta moja moja, kila moja na kimulimuli chake. Kumbukeni tofauti hiyo, nitairudia tukifika kwa mama wa bibi harusi.

Sasa njooni kwenye ngozi. Mwanga ukifika usoni mwa mtu unafanya mambo mawili. Kiasi kidogo, kama asilimia 4 au 5, kinarudi palepale juu bila kuingia ndani, na kiasi hicho hakibadiliki sana awe mtu mweusi au mweupe. Mwingine wote unaingia kwenye ngozi, unatawanyika, na ule unaofanikiwa kutoka tena ndio unaotuonyesha rangi ya mtu. Mwenye melanini nyingi, ile rangi ya asili inayoipa ngozi weusi, ngozi yake inaumeza mwanga mwingi, unaotoka ni kidogo. Kwa hiyo mng'ao wa juu kwenye shavu jeusi unaonekana wazi sana, kwa sababu pembeni yake pana giza la kutosha. Kwenye shavu jeupe mng'ao uleule unapotea katikati ya weupe mwingine.

Naomba mlielewe hili vizuri, maana ndilo linalogeuza kila kitu mlichoona kwenye video za intaneti. Video nyingi zimepigwa na watu wenye ngozi nyeupe, na wale wanahitaji hailaita nyingi ndipo ionekane. Binti mweusi wa Pangani au Handeni, ukimpaka mafuta ya nazi kidogo tu shavuni na kumsimamisha dirishani, mfupa unajionyesha. Amekuja na nusu ya kazi imeshafanyika. Wewe ukija na mkono mzito wa kwenye video unaiharibu.

Tena kuna suala la rangi ya unga wenyewe. Hailaita za fedha, za lulu nyeupe na zile za baridi zinazokaribia buluu zimejaa titaniamu dioksaidi, na titaniamu dioksaidi ni rangi nyeupe, ileile inayotiwa kwenye rangi za ukuta. Ukiiweka juu ya ngozi nyeusi, weupe unachanganyika na weusi, unapata kijivu. Watu wanasema mekapu imepauka. Nilikuwa mgeni mwalikwa kwenye sendofu moja, sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, nimekaa meza ya nyuma na wenzangu. Bibi harusi alipoingia, taa nyeupe za ukumbi zikampiga, mashavuni alikuwa na michirizi miwili ya kijivu kutoka puani hadi karibu na sikio. Ni binti mzuri, mweusi wa kung'aa, mfupa wa shavu umesimama wenyewe. Shangazi mtu aliyekuwa meza ya mbele yetu akamgeukia mwenzake akauliza, "Huyu mtoto ana homa?" Halikuwa neno la kejeli. Alikuwa na wasiwasi kweli. Siku ya furaha kubwa ya mtoto wao, familia inamwona mgonjwa, na picha zitabaki kwenye albamu maisha yote.

Tatizo hili lina historia ndefu, na mwenzetu mmoja wa Afrika Mashariki yumo ndani yake. Iman, mwanamitindo, alizaliwa Mogadishu mwaka 1955. Mwaka 1975 alikuwa mwanafunzi Nairobi mpiga picha Peter Beard alipomwona, na muda si mrefu akawa New York anapigwa picha za mitindo. Amesimulia mwenyewe kwamba katika kazi zake za mwanzo mpambaji alimuuliza kama amekuja na fandesheni yake. Hakuwa nayo, akapakwa iliyokuwepo, akatoka kijivu. Tangu hapo akawa anachanganya rangi zake mwenyewe na kutembea nazo, na mwaka 1994 akaanzisha kampuni ya vipodozi kwa ajili ya wanawake wenye ngozi ya rangi. Ikapita miaka 23 ndipo mwimbaji Rihanna akaja na kampuni yake ya vipodozi, Fenty Beauty, Septemba 2017, fandesheni rangi 40 siku ya kwanza, na pamoja nazo hailaita ya dhahabu nzito ambayo kwenye ngozi nyeusi inakaa inavyotakiwa. Baada ya hapo makampuni makubwa yakaanza kuhangaika kuongeza rangi. Nchini Kenya, Suzie Wokabi alikuwa ameshaanzisha Suzie Beauty akiwalenga wanawake wa huku huku kwetu. Leo huna kisingizio. Dhahabu, shaba, pichi iliyoiva na brauni yenye mng'ao, vyote vipo madukani, na vingine kwa bei ambayo mpambaji anayeanza anaimudu.

Na kama kopo la dhahabu hulipati, tatua kwa ulichonacho. Kivuli cha macho cha rangi ya shaba, chenye chembe laini, kinafanya kazi nzuri juu ya shavu jeusi kuliko hailaita ya fedha ya bei ghali.

Niliposema kumtakatisha mteja, sikuwa natia chumvi. Kwenye saluni zetu bado kuna mteja anayekaa kitini na kusema, "Dada, nitoe mweupe." Pengine amekuja na mkorogo, krimu ya kujichubua, tayari uko usoni. Mnajua sheria yetu inakataza vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Mnajua zebaki inaharibu figo. Lakini mpambaji ana sehemu yake pia katika jambo hili, hata kama hajawahi kuuza krimu. Kila bibi harusi unayemtoa mweupe kuliko mama yake na dada zake waliosimama pembeni, unawaambia wasichana wote waliopo ukumbini kwamba uzuri uko kule. Wanakusikia. Na kila bibi harusi unayemtoa na weusi wake, mashavu yamesimama, mtulinga unameta kwa shaba, nao wanasikia. Mimi nalichukulia hili kwa uzito kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii, na ndiyo maana nilikubali kuja.

Sasa naomba binti mmoja aje hapa mbele. Wewe mwanangu, uliye na gauni la kijani. Ahsante. Kaa hapa, uso uelekee dirishani, usielekee taa ya juu.

Ameshapakwa fandesheni na poda kidogo tangu asubuhi, na mimi sitagusa kitu kingine. Waliokaa nyuma sogeeni.

Kabla ya brashi, tumia mkono. Nimeweka kidole hapa mbele ya tundu la sikio lake, nakileta taratibu kuelekea puani. Hapa kuna mfupa. Naufuata. Unapanda kidogo, halafu chini ya pembe ya jicho unapinda. Hailaita inakaa juu ya huu mfupa, upande wa juu kabisa, kuanzia chini ya pembe ya nje ya jicho kuelekea kwenye panja. Sijamwambia atabasamu. Wengi mmefundishwa kumwambia mteja atabasamu, kisha mnapaka pale panapofura. Akiacha kutabasamu nyama inashuka na mng'ao unashuka nayo, uso unaonekana umechoka. Pale panapofura ni mahali pa blasha, ile rangi ya mashavu.

Nachukua brashi ya feni, ile yenye nywele chache. Nagusa unga mara moja, nakung'uta ukingoni mwa kopo. Napitisha kwanza nyuma ya kiganja changu. Kilichobaki kwenye brashi ndicho kinachokwenda usoni. Napitisha juu ya mfupa mara moja, mara mbili. Naacha. Geuza uso kushoto, mwanangu. Rudi kulia taratibu. Mmeona? Akitazama mbele haionekani kitu. Akigeuka, mwanga unapita shavuni na kuondoka. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kama mng'ao umeganda palepale hata mtu akigeuka, umezidisha.

Pua. Hapa kuwa mwangalifu kuliko penginepo pote. Mstari mwembamba juu ya mgongo wa pua, mwembamba kuliko unavyodhani, ukiishia kabla ya ncha. Ukitanua mstari umeitanua pua. Mwenzetu huyu ana pua nzuri iliyokaa sawa na uso wake, kwa hiyo nampitishia kidole kilichobaki na unga kidogo, basi. Si kila pua inadai mstari. Wako watu mekapu yao inapendeza zaidi pua ikiachwa.

Mdomo wa juu, kile kibonde cha katikati: nukta moja, kwa ncha ya brashi ndogo. Hapo mdomo unajitokeza bila kuongeza rangi. Kona ya ndani ya jicho, nukta nyingine, na hapa nachagua unga laini kabisa. Naomba msije mkaweka pambo, vile vipande vya kumeta, la kadi au la mapambo ya ukumbi karibu na jicho. Lile ni plastiki iliyokatwa, lina kingo kali, likiingia linalikwaruza jicho. Pambo la usoni lina makopo yake na maandishi yake.

Chini ya nyusi watu wengi wanapenda kupaka. Mimi napaka kidogo sana, na kwa wenye jicho lililotuna sipaki kabisa.

Mtulinga na mabega, kama gauni liko wazi, hapo una ruhusa ya kuongeza. Ngozi ya pale haina mafuta mengi na haina mikunjo, taa za ukumbini zinaipenda. Changanya hailaita ya maji na losheni, sambaza kwa kiganja. Ila mwambie bibi harusi asubiri ikauke kabla ya kuvaa, gauni la kukodi likishika shaba mtagombana na mwenye duka.

Paji la uso sijaligusa. Tuko Tanga, tuko baharini. Mwezi wa pili na wa tatu joto linavyokuwa mnalijua wenyewe, na ukumbi ukijaa feni hazifui dafu. Ndani ya saa mbili paji, pua na kidevu vitatoa mafuta vyenyewe. Ukiwa umeshaweka hailaita pale, jasho likikutana nayo paji linang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Acha paji liwe kavu, mwili wenyewe utalitia mng'ao. Na mpe msimamizi wa bibi harusi karatasi za kufyonza mafuta, mfundishe kubonyeza, asifute.

Ahsante mwanangu, kaa hapohapo kwanza wenzako wakuone.

Kuhusu mpangilio wa kupaka, kanuni ni fupi: krimu juu ya krimu, unga juu ya unga. Hailaita ya krimu au ya maji ipakwe kabla ya poda, kwa kidole cha pete, kwa sababu joto la kidole linalainisha nta iliyomo. Ukiileta juu ya poda iliyokwisha kushika, inaikokota poda, vinatokea vinundu, na hakuna sprei ya kushikisha mekapu itakayoviondoa. Kwenye joto letu mimi huweka krimu kidogo chini, poda nyepesi, kisha unga kidogo juu yake. Inakaa mpaka keki inakatwa.

Na ngozi iandaliwe. Sisi watu wa pwani tulilijua hili kabla kopo la kwanza la hailaita halijafika bandarini. Bibi harusi wa Unguja, wa Mombasa, wa hapa Tanga alisuguliwa singo siku kadhaa kabla ya harusi. Singo ina karafuu, liwa, asumini, marashi ya waridi, na kila nyumba ina vipimo vyake. Somo wake alikuwa akimsugua huku akimpa mafunzo. Ngozi iliyokufa ilitoka, mafuta yakaingia, na ngozi ikawa laini kiasi kwamba mwanga unarudi kwa pamoja badala ya kutapanyika huku na huku. Hiyo ndiyo fizikia ya singo, na bibi zetu walikuwa na matokeo yake mkononi. Mteja mwenye ngozi kavu inayobanduka, ukimwekea unga wa kumeta juu yake umeonyesha kila kipande kinachobanduka. Mshauri asugue singo wiki nzima kabla, au hata mlainishie ngozi kwa losheni nzuri na kumwachia dakika 15 kabla hujaanza. Mteja haoni unachofanya katika dakika hizo, atadhani unachelewa. Mwambie asubiri.

Mwenye chunusi au makovu, vivyo hivyo. Kitu kinachong'aa juu ya kinundu kinaongeza nuru upande mmoja na kivuli upande wa pili, kinundu kinakua. Kama chunusi ziko mashavuni, hamishia mng'ao kwenye kona za macho, mdomo wa juu na mtulinga. Atapendeza, na hakuna atakayejua kwamba mashavu umeyaruka.

Mama wa bibi harusi. Huyu tunamsahau, tunampaka dakika za mwisho kwa kilichobaki, na yeye ndiye aliyelipia harusi. Ana miaka 55, 60, ana mistari pembeni ya macho na anastahili kuwa nayo. Chembe kubwa zinateleza na kuingia kwenye mistari, zinakaa humo zikimeta. Kwake tumia krimu yenye chembe ndogo kabisa, ipandishe juu zaidi ya unavyofanya kwa binti yake, karibu na panja, mbali na mikunjo ya kucheka. Kidogo tu. Mkimaliza mpeni kioo na mwacheni ajitazame bila haraka.

Wateja wenu wengi mjini hapa watavaa ushungi, na masomo ya intaneti hayawasaidii hata kidogo kwa hilo. Ushungi unafunika panja, unafunika shingo, unafunika mtulinga. Sehemu nyingi ambazo mngetandaza nuru hazipo tena, na uso uliobaki umewekwa ndani ya fremu. Basi mstari wa shavu uufupishe, uishie kabla ukingo wa kitambaa haujaanza, la sivyo unga utashika kitambaa na kuacha alama. Na tazama rangi ya ushungi wenyewe. Ushungi mweupe au wa krimu unarudisha mwanga usoni, unakufanyia sehemu ya kazi, kwa hiyo punguza. Ushungi mweusi au wa kijani kibichi unaunyonya mwanga, ongeza kidogo. Kabla hujapaka, muombe mteja ajifunge ushungi atakaouvaa, utazame, kisha avue uanze kazi.

Wanaume nitawapitia haraka. Bwana harusi hahitaji hailaita, anahitaji kuondolewa mafuta usoni kabla ya picha. Poda isiyo na rangi, karatasi ya kufyonza, basi.

Kamera. Mpiga picha akitumia flashi inayotoka karibu na lenzi, mwanga unakwenda usoni na kurudi moja kwa moja. Poda zenye silika nyingi, na fandesheni zenye kinga ya jua ya titaniamu au zinki, zinarudisha mwanga huo mweupe, na picha inatoka na madoa meupe chini ya macho ambayo hayakuonekana kwa jicho. Wasanii wakubwa wa Marekani wametoka hivyo kwenye zulia jekundu, tena wamepambwa na mafundi wenye majina. Ukiongeza na hailaita yenye weupe, uso unaonekana umemwagikiwa unga wa ngano. Kinga yake ni rahisi: zima taa za chumbani, chukua simu, washa flashi, piga picha mbili, moja ya mbele na moja ya ubavu. Zima kwanza ule urembo wa simu unaolainisha sura, maana unakudanganya. Kisha mpeleke mteja barazani umwone kwenye jua. Vyote viwili vikikubali ndipo uweke sprei.

Usafi sitausema kirefu, walimu wenu wameusema, lakini brashi moja haipiti nyuso sita za wasimamizi bila kuoshwa. Krimu inachotwa kwa kijiko chake, haichovywi kidole. Nyuma ya kopo kuna mchoro wa kopo lililofunguliwa na namba, 12 au 24. Hiyo ni miezi tangu siku ulipofungua. Andikeni tarehe kwa kalamu pale chini.

Kuna jambo moja linanikaa moyoni, nalo si la ufundi. Ulanga mwingi unaoingia kwenye vipodozi unachimbwa India, kwenye majimbo ya Jharkhand na Bihar, na ulanga unachimbwa pia kusini mwa Madagaska, majirani zetu wa ng'ambo ya bahari hii. Kote huko watoto wamekutwa wakichimba na kuchambua ulanga kwenye vishimo vinavyobomoka, kwa malipo ya kilo. Mwaka 2017 makampuni na mashirika waliungana wakaanzisha Responsible Mica Initiative kufuatilia ulanga unakotoka, na yapo makampuni yanayotumia ulanga uliotengenezwa kiwandani. Mpambaji mmoja wa Tanga hataufunga mgodi wa India. Lakini mnaponunua kwa jumla mna haki ya kumuuliza muuzaji, na kumuuliza tena safari ijayo. Pia kumbukeni kwamba unga ule mlioupuliza hewani kutoka kwenye brashi umetoka kwenye mikono ya mtu. Msiumwage.

Namalizia kwa ombi, na ombi hili nalielekeza kwa walimu na kwa mgeni rasmi. Nimetazama picha za mitihani yenu zilizobandikwa pale mlangoni. Kazi ni nzuri. Ila nyuso karibu zote ni za maji ya kunde. Naomba mtihani ujao kila mwanafunzi apambe nyuso mbili, na moja iwe ya binti mweusi kabisa, apimwe kwa picha ya flashi na kwa jua la mchana, na kijivu kikionekana arudie. Na seti ya chuo, ambayo nimeifungua leo asubuhi nikakuta hailaita nne, zote za lulu na fedha, iongezwe shaba na dhahabu nzito. Mgeni rasmi umenisikia, na mimi mwenyewe naanza kwa kuacha haya makopo mawili niliyotumia leo hapa mezani.

Hongereni sana wahitimu. Ahsanteni kwa kunisikiliza.